Stadia Saba: Kisiwa cha Samos na Maji Yake Mawili



Nimeombwa nizungumze juu ya kisiwa kimoja cha Ugiriki, nami nimechagua Samos. Mniruhusu nianzie kwenye mifupa, kwa sababu mifupa hiyo inatuhusu. Katika miaka ya 1880 mtaalamu wa visukuku aitwaye Forsyth Major alichimba karibu na kijiji cha Mytilinii, akafukua mabaki ya mnyama ambaye alipewa jina la Samotherium, yaani mnyama wa Samos. Mnyama huyo ni wa ukoo wa twiga. Mwaka 2015 watafiti waliichunguza shingo yake pingili kwa pingili, wakaona imeangukia katikati: ni ndefu kuliko shingo ya okapi wa msitu wa Ituri kule Kongo, na fupi kuliko ya twiga wa Serengeti. Okapi na twiga tunao sisi. Ndugu yao wa tatu, aliyesimama kati yao, amelala Samos tangu miaka milioni 7 hivi iliyopita, zama ambazo hapakuwa na kisiwa wala Mgiriki.

Wasamos wa kale waliiona mifupa hiyo. Mvua zilipomomonyoa makorongo ilijitokeza yenyewe, mikubwa kupita mfupa wa ng'ombe yeyote wanayemjua, nao wakaitafutia maelezo. Wakasema zamani kisiwani waliishi madubwana walioitwa Neades, na sauti zao zilikuwa kali kiasi kwamba waliponguruma ardhi ilipasuka. Sioni sababu ya kuwacheka. Tarehe 30 Oktoba 2020 tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga chini ya bahari kaskazini mwa Samos. Vijana wawili waliuawa na ukuta kisiwani, na ng'ambo, katika mji wa Izmir, walikufa watu zaidi ya 100. Ardhi ya pale hupasuka kweli. Waliotunga hadithi ya Neades walikuwa wameyaona mambo mawili, mifupa na mitetemeko, wakayafunga pamoja kwa akili waliyokuwa nayo.

Sasa tukiangalie kisiwa chenyewe. Samos iko mashariki ya Bahari ya Aegean, imeliegemea bara la Uturuki ya leo kama mashua iliyofungwa gatini. Eneo lake ni kilomita za mraba 477 hivi, hakifikii hata theluthi moja ya Unguja, lakini kimeinuka mno. Upande wa magharibi kuna mlima Kerkis, mita 1,433 juu ya bahari, na katikati kuna Ambelos, unaopita mita 1,150. Strabo, mwanajiografia aliyeandika zama za Kaisari Augusto, alisema jina lenyewe la Samos linatokana na neno la kale lenye maana ya mahali pa juu. Milima hiyo hunasa mawingu ya masika ya kwao, yaani mvua za majira ya baridi, na kwa hiyo Samos ni kijani kibichi wakati visiwa vingi vya Aegean vimekauka kama mgongo wa kobe. Wenyeji walikisifu kisiwa chao kwa msemo kwamba humo hata maziwa ya ndege yanapatikana. Strabo aliunukuu msemo huo, ila akaongeza kwamba mvinyo wa Samos si kitu. Hapo wakati umemgeuka, maana leo mvinyo mtamu wa Samos ndio unaojulikana kuliko mazao yake mengine yote.

Mji wa kale ulikuwa kusini mashariki, mahali panapoitwa Pythagoreio, mbele ya ghuba ndogo iliyojikunja. Ukisimama gatini hapo asubuhi ya anga safi, unauona mlima Mykale wa bara uko mbele yako, mkubwa, na hata mikunjo yake unaihesabu. Baina yenu kuna mlangobahari.

Strabo aliandika kwamba upana wa mlangobahari huo ni stadia 7. Stadia ni kipimo cha Kigiriki, kila moja ni kama mita 180 na ushei. Mwanahistoria Herodotus, aliyeandika karne nne kabla yake, alisema kwamba chini ya mlima uliopo nyuma ya mji kuna handaki la maji, na urefu wake ni stadia 7. Vipimo vya siku hizi vimewasahihisha wote wawili: mlangobahari ni kama mita 1,600 mahali pembamba kabisa, na handaki ni mita 1,036. Mmoja alipunguza, mwingine alizidisha. Lakini namba hizo mbili zinazofanana ndizo nitakazozishika jioni hii. Samos iliishi kati ya maji mawili. Maji ya chumvi yaliiletea mali na maadui kwa mlango uleule mmoja. Maji matamu ndiyo yaliyoiwezesha kufunga malango na kukaa ndani. Wanahistoria wengi wameyapenda zaidi yale ya kwanza, kwa kuwa ndani yake kuna merikebu, vita na dhahabu. Mimi nimekuja kuyatetea haya ya pili.

Hata hivyo siwezi kuyaruka ya chumvi. Wagiriki wa kabila la Waionia waliingia Samos yapata mwaka 1000 KK. Mwanahistoria Thucydides anasimulia kwamba fundi wa merikebu kutoka Korintho, Ameinocles, aliwaundia Wasamos vyombo vinne. Kwa hesabu yake ilikuwa kama mwaka 700 KK. Kutoka hapo walikwenda mbali haraka sana. Yapata mwaka 638 KK nahodha aitwaye Kolaios aling'oa nanga kwenda Misri. Upepo wa mashariki ukamkamata ukamsukuma na haukumwachia, akapita urefu wote wa Mediterania, akatoka kwenye mlango tunaouita leo Gibraltar, akafika Tartessos, kusini mwa Hispania. Bandari hiyo ilikuwa haijaguswa na wafanyabiashara wa Kigiriki. Kolaios alirudi na faida ya talanta 60. Akatoa sehemu ya kumi, talanta 6, likatengenezwa sufuria kubwa la shaba lililozungushiwa vichwa vya wanyama wa hadithi wenye midomo ya tai, likawekwa katika hekalu la mungu wa kike Hera.

Hekalu hilo lilikuwa kilomita 6 magharibi ya mji, kwenye bonde lenye majimaji panapoishia mto Imbrasos. Wasamos waliamini Hera alizaliwa hapo, chini ya mti waliouita lygos. Nimefurahi kujua kwamba lygos ni Vitex, jenasi ileile ya mfudu wetu, ule unaotupa matunda meusi ambayo wengi wetu tulipanda kuyachuma utotoni. Wataalamu wa Ujerumani wamekuwa wakichimba hapo tangu mwaka 1925, na kwa sababu udongo ni tepetepe umehifadhi hata vitu vya mbao, ambavyo kwingine huoza. Wamepata shaba za Mesopotamia, pembe za ndovu zilizochongwa, vinyago vya Misri. Wamepata pia pembe za kongoni na kipande cha fuvu la mamba. Fikirini safari ya pembe zile: mnyama amewindwa Afrika ya kaskazini, pembe zake zimebebwa hadi pwani, zimepakiwa chomboni, na mtu amezipeleka kwa mungu wake wa kike kama zawadi adimu. Wasamos walikuwa na hekalu lao la Hera hata ndani ya Misri, katika mji wa Naukratis. Herodotus anataja Wasamos wengine waliokuwa wakiishi kwenye oasi jangwani, mwendo wa siku saba kutoka Thebes. Huko hakuna bahari kabisa.

Karibu mwaka 570 KK wasanifu Rhoikos na Theodoros walimjengea Hera hekalu lenye nguzo zaidi ya 100. Halikudumu, yaelekea kwa kuwa ardhi ya bonde lile haikuweza kuubeba uzito. Likaanzwa jingine, kubwa zaidi, mita 55 kwa 108, nalo halikumalizika kamwe. Leo imesimama nguzo moja tu, na hiyo moja yenyewe imebaki nusu ya kimo chake. Mwaka 1980 wachimbaji walifukua hapo sanamu ya kijana aliyesimama uchi, ya marumaru, yenye kimo cha karibu mita 5. Juu ya paja lake la kushoto limechorwa jina la aliyeitoa, Isches mwana wa Rhesis. Hakuna cheo, hakuna sala. Mtu tajiri aliandika jina lake na la baba yake kwenye nyama ya jiwe, akaona inatosha.

Sasa tufike kwa Polycrates, maana huwezi kuisema Samos ukamkwepa. Alitwaa mji kwa nguvu miaka ya 530 KK akiwa na askari 15 tu wenye silaha nzito. Mwanzoni aligawana utawala na ndugu zake wawili. Baadaye mmoja akamuua na mwingine, Syloson, akamfukuza. Aliunda merikebu 100 za makasia 50 na kikosi cha wapiga mishale 1,000. Aliwapora jirani zake bila kubagua rafiki na adui, kwa hoja kwamba rafiki ukimrudishia kitu ulichomnyang'anya atakushukuru kuliko usingalikichukua. Alimlipa mshairi Anacreon akae kwake, akampa tabibu Democedes talanta 2. Amasis, mfalme wa Misri, alikuwa rafiki yake. Alipoona mafanikio ya Polycrates yamezidi akaingiwa na hofu, akamshauri atupe kitu anachokithamini kuliko vyote. Polycrates akatupa baharini pete yake yenye kito, kazi ya yule Theodoros wa hekalu. Siku chache baadaye mvuvi akaleta samaki mkubwa mezani, na tumboni mwake pete ikakutwa. Amasis aliposikia akavunja urafiki, asije akalazimika kumlilia. Hadithi hiyo inajulikana dunia nzima. Mimi naiona ndogo ukilinganisha na kitu kilichokuwa kikipita chini ya miguu ya Polycrates kila siku.

Mji ulikuwa na ukuta wa zaidi ya kilomita 6, unaopanda mlima na kushuka hadi baharini. Herodotus anasema mtaro wa nje ya ukuta ulichimbwa na wafungwa wa vita kutoka Lesbos wakiwa wamefungwa minyororo. Lakini mji ule ulikuwa na kasoro moja ya kutisha. Chemchemi yake nzuri ilikuwa nje, nyuma ya mlima, mahali paitwapo Agiades. Kila mtu aliyewahi kuishi kisiwani analielewa tatizo hilo bila kuelezwa. Adui asingehitaji kubomoa hata jiwe moja. Angekaa tu juu ya chemchemi na kungoja.

Wasamos wakamwita Eupalinos mwana wa Naustrophos, kutoka mji wa Megara, katikati ya karne ya 6 KK. Wengi humpa Polycrates sifa ya kazi hii. Herodotus mwenyewe, anapolieleza handaki, anamtaja Eupalinos na wala hamtaji Polycrates. Naelekea kuwaamini wale wanaosema kazi ilianza kabla ya Polycrates kutawala.

Angeweza kuyazungusha maji kandokando ya mlima, lakini mfereji wa wazi adui angeuona na kuukata. Eupalinos akaamua kuutoboa mlima, kilele kikiwa mita 170 juu ya vichwa vya wachimbaji. Na hakuutoboa kutoka upande mmoja. Akaweka kikosi kaskazini na kikosi kusini, wachimbe kuelekeana, wakutane gizani katikati. Hawakuwa na dira. Hawakuwa na baruti. Walikuwa na nyundo, tindo na taa za mafuta, na mwamba wa chokaa. Upana wa njia ni kama mita 1.8 na kimo vivyo hivyo, kwa hiyo mbele kabisa, kwenye uso wa mwamba, hapakutosha zaidi ya watu wawili kupiga nyundo. Wengine wote walikuwa nyuma wakibeba kifusi. Ukipiga hesabu ya urefu kwa upana kwa kimo unapata mita za ujazo zaidi ya 3,000 za mawe zilizotolewa kwa vikapu. Wataalamu wanakadiria kazi ilichukua miaka kama minane hadi kumi.

Alijuaje aelekee wapi? Njia ninayoiamini ni ile iliyo nyepesi kuliko zote: alipanga miti juu ya mgongo wa mlima, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka mstari ukashuka pande zote mbili, kisha akauingiza mstari huohuo ndani. Kila fundi mwashi anayejua kuvuta kamba ataitambua akili hiyo. Kimo kilikuwa na ugumu wake. Mwanaakiolojia Hermann Kienast, aliyelipima handaki kwa miaka mingi, alikuta midomo yake miwili inapishana kimo kwa sentimita chache tu, ingawa kati yake kuna mlima mzima. Fundi wa leo mwenye pimamaji angejivunia kazi hiyo.

Kikosi cha kusini kilikwenda moja kwa moja. Kile cha kaskazini kilienda vizuri mita 200 na kitu, kisha mwamba ukawa mbovu, unamomonyoka na kutiririsha maji. Hapo ndipo ninapomheshimu Eupalinos kuliko popote. Angeweza kung'ang'ania mstari wake na kuwazika watu. Badala yake akaipinda njia kuelekea magharibi, akauzunguka mwamba mbovu kwa pembetatu, huku akiweka hesabu ya kila pima alilokwenda pembeni ili baadaye arudi kulekule alikotoka. Alama zake zimebaki ukutani hadi leo, herufi zilizopakwa kwa rangi nyekundu, na mahali pamoja limeandikwa neno kamili la Kigiriki, paradegma, kielelezo. Yalikuwa maandishi ya kazi, ya mtu anayewaandikia mafundi wake wasipotee.

Walipokaribiana aliingiwa na shaka, na shaka yake inaonekana kwenye jiwe. Sauti ya nyundo ndani ya mwamba hudanganya: unaisikia kulia, kumbe iko juu. Watu wawili wanaofuata mistari miwili wanaweza kupishana kwa mita moja na kuendelea hadi wakatokea nje, kila mmoja upande wa mwenzake. Eupalinos akazipinda njia zake ili mstari mmoja ulazimike kuukata mwingine hata kama zimepishana kidogo. Akaongeza na kimo, huku dari ikainuliwa, kule sakafu ikashushwa, ili zisipishane juu na chini pia. Ukitembea ndani leo unafika mahali ambapo njia inajikunja ghafla, na kuta za upande mmoja zina michirizo ya tindo inayotoka mbele yako, za upande wa pili inayotoka nyuma yako. Ndipo walipokutana. Jiwe la mwisho lilipoanguka, mtu wa kaskazini aliuona mwanga wa taa ya mtu wa kusini.

Kazi ilikuwa bado. Handaki lilikuwa tambarare kabisa, na maji hayatembei pasipo mteremko. Ndani ya sakafu, kando ya ukuta wa mashariki, wakachimba mfereji mwembamba, upana wa kuenea mtu mmoja, kina chake mita 4 upande wa kaskazini na zaidi ya mita 8 upande wa kusini. Chini kabisa wakalaza mabomba ya udongo wa kuchoma, kila kipande kama sentimita 72, kimoja kikiingia kwenye mdomo wa kingine. Ndani ya mlima peke yake ni vipande zaidi ya 1,000. Vingi vimetobolewa juu. Ni matundu ya kusafishia, kwa sababu maji ya chokaa huacha tope, na mtu alilazimika kushuka na kulikomba kwa mkono. Nje ya handaki, kutoka kwenye chemchemi, mabomba yalifukiwa chini ya ardhi mita mia kadhaa. Mpita njia asingejua kwamba anakanyaga uhai wa mji.

Yapata mwaka 525 KK Wasparta na Wakorintho walikuja na jeshi kubwa, wakauzingira mji siku 40. Mwanzoni walipanda hadi kwenye mnara wa ukuta. Baada ya siku 40 wakakata tamaa wakarudi kwao. Herodotus anataja uvumi kwamba Polycrates aliwahonga sarafu za risasi zilizopakwa dhahabu, kisha anaukataa mwenyewe. Sihitaji uvumi huo. Mji uliokuwa na maji ndani ya kuta ungeweza kukaa zaidi ya siku 40.

Polycrates hakuuawa kwa kiu wala kwa mzingiro. Alitoka mwenyewe. Mwaka 522 KK liwali wa Kiajemi, Oroites, alimwita ng'ambo kwa ahadi ya hazina, na masanduku ya kumwonyesha mjumbe yalijazwa mawe na kufunikwa dhahabu juu. Binti yake alimsihi asiende. Akavuka, akauawa kwa namna ambayo Herodotus alikataa kuieleza, na mwili wake ukatundikwa. Baadaye Waajemi walimrudisha Syloson, yule ndugu aliyefukuzwa, aliyewahi kumpa Dario joho lake jekundu kabla Dario hajawa mfalme. Wakamkabidhi kisiwa kikiwa kimefagiliwa watu. Wagiriki wakabaki na msemo wa uchungu kwamba kwa hisani ya Syloson, nafasi ni tele.

Habari zilizofuata nazipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo. Mwaka 494 KK, katika vita vya Lade, merikebu nyingi za Samos zilitoroka na kuwaacha Waionia wenzao mbele ya Waajemi; 11 zilibaki zikapigana. Mwaka 479 KK Wagiriki wakawashinda Waajemi pale Mykale, ng'ambo ya mlangobahari. Mwaka 440 KK Samos ikaasi dhidi ya Athens, Pericles akaizingira, na ikasalimu katika mwezi wa tisa wa mzingiro, kuta zikabomolewa. Mwaka 365 KK Athens iliwatoa Wasamos wote kisiwani mwao na kuweka walowezi wake. Mtoto wa walowezi hao, aliyezaliwa mwaka 341 KK, ndiye mwanafalsafa Epicurus. Wenye nchi walirudi baada ya zaidi ya miaka 40.

Kisiwa hicho hicho kilimzaa Pythagoras, aliyehama yapata mwaka 530 KK kwenda Croton, Italia, na kilimzaa Aristarchus, mtu wa karne ya 3 KK. Aristarchus alisema dunia ndiyo inayolizunguka jua, miaka 1,700 na zaidi kabla ya Copernicus. Kitabu chake cha hoja hiyo kimepotea. Tunaijua kwa sababu Archimedes aliitaja. Nikiyaweka haya pamoja na handaki, naona udongo mmoja: watu waliozoea kuamini kipimo hata pale macho yanapokataa. Aliyechimba gizani akiongozwa na mstari, na aliyeambiwa na macho yake kwamba jua linatembea lakini akashika hesabu, si wageni kwa wageni.

Warumi nao walifika. Mwaka 32 KK Antony na Cleopatra walikaa Samos kwa karamu za ngoma na michezo, huku majeshi yakikusanyika. Antony alibeba kutoka hekalu la Hera sanamu tatu kubwa za mchongaji Myron. Augusto alipomshinda alirudisha mbili, ya tatu akaipeleka Roma. Mwaka 20 KK Augusto alikuwa Samos alipopokea ujumbe kutoka India, uliokuja na chui milia, mnyama ambaye Warumi hawakuwa wamewahi kumwona. Ni miaka ileile ambayo Strabo anasema alipata habari kwamba merikebu hadi 120 zilikuwa zikitoka bandari ya Misri ya Bahari ya Shamu kwenda India. Zilisukumwa na kusi, upepo huu tunaoujua sisi, ingawa watu wa ng'ambo zile walikuwa wapya kwake.

Muda wote huo maji ya Agiades yalikuwa yakitembea. Polycrates amekufa, Athens imekuja na kuondoka, Roma imeinuka, na yule mkomba tope bado anashuka mferejini na taa. Mfereji ulitumika zaidi ya miaka 1,000, hadi karne ya 7 BK. Kisha ukaziba, watu wakajificha ndani ya handaki nyakati za mashambulizi, na mwisho hata mlango wake ukasahauliwa. Mfaransa Victor Guérin aligundua mwanzo wa mfereji mwaka 1853. Mwaka 1882 mtawa mkuu wa kisiwani, Kyrillos Moninas, akaupata mlango wa handaki, na wanakijiji wakaanza kulizibua kwa shabaha ya kulirudisha kazini, walete maji. Hawakufanikiwa, lakini naipenda nia yao. Hawakuliona kama kumbukumbu. Waliliona kama bomba. Tangu mwaka 1992 eneo lote, pamoja na hekalu la Hera, limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kuhusu Eupalinos tunalo jina lake na la baba yake. Kuhusu wale waliopiga tindo hatuna hata jina moja.

Nimalizie na mlangobahari, maana haujafungwa. Kuanzia mwaka 2015 maelfu ya watu walivuka zile mita 1,600 kutoka Uturuki, usiku, kwenye maboti ya mpira. Mwanzoni mwa mwaka 2020 kambi ya wakimbizi iliyokuwa juu ya mji wa Vathy kisiwani, iliyojengwa kwa ajili ya watu wasiofika 700, ilikuwa na zaidi ya 7,000, wengi wao wakilala mahemani mlimani na kupanga foleni ya maji. Kati yao walikuwamo Wasomali na Wakongo, na kwa baadhi ya Wakongo hao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Kambi ile ilifungwa mwaka 2021 na watu wakahamishiwa nyingine, Zervou. Kama humu ukumbini yumo mwenye ndugu aliyepita Samos, namwomba akifika nyumbani ampigie simu. Amuulize alivuka usiku gani, alikuwa na nani chomboni, na maji ya kunywa aliyapata wapi, kisha aandike majina yao.